Watunga Kamusi na Maneno ya Kipsongo

Riwaya ya Kijapani iitwayo Fune wo Amu, iliyoandikwa na Shion Miura na kuchapishwa mwaka 2011, imejengwa juu ya kazi ambayo wasomaji wengi hawangetarajia kukuta kisa ndani yake, nayo ni kazi ya kutunga kamusi. Kutokana na riwaya hiyo ilitengenezwa filamu mwaka 2013, iliyoongozwa na Yuya Ishii na kutuzwa na Akademi ya Filamu ya Japani kuwa filamu bora ya mwaka, kisha ukafuata mfululizo wa katuni za televisheni mwaka 2016, na hatimaye mwaka 2024 shirika la utangazaji la NHK likatoa tamthilia inayosimulia mambo yaleyale kupitia mwanamke kijana aliyehamishwa kutoka jarida la mitindo ya mavazi hadi idara ya kamusi. Hakuna mauaji wala ugomvi wa mirathi katika kisa hiki. Kuna meza, kadi na mafaili, na watu wachache wa shirika la uchapishaji ambao miaka 15 inawapita wakikamilisha kitabu kimoja.

Mhusika mkuu wa riwaya, Majime, ni mfanyakazi wa idara ya mauzo asiyejua kuuza, ambaye mhariri anayekaribia kustaafu anatambua kwamba ana sikio la maneno na kumchukua awe mrithi wake. Kazi anayokabidhiwa inaelezwa kwa undani unaostahili kusifiwa. Wahariri hutembea na kadi, na kila wanaposikia neno jipya, au neno la zamani likitumiwa kwa maana mpya, huliandika papo hapo pamoja na mazingira lilimotokea. Hubishana juu ya namna ya kueleza maneno ambayo kila mtu anadhani anayajua, kama vile upande wa kulia. Tena hushauriana na watengenezaji wa karatasi ili ipatikane karatasi nyembamba ambayo hata hivyo inashika kidole vizuri msomaji anapofungua kurasa. Kitabu kinapokaribia kwenda mtamboni hugunduliwa kwamba neno moja limesahauliwa, na ofisi nzima, pamoja na wanafunzi waliochukuliwa kama vibarua, hulala kazini ili kukagua upya kila neno lililomo. Profesa Matsumoto, mzee aliyeisimamia kazi hiyo tangu mwanzo, hufariki kabla kamusi haijatoka.

Hilo la mwisho si chumvi ya mwandishi wa riwaya, kwa maana historia ya kamusi kubwa imejaa watunzi ambao hawakukiona kitabu chao kikiwa kamili. James Murray alishika uhariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford mwaka 1879 na kufariki mwaka 1915, ilhali kamusi hiyo ilikamilika mwaka 1928. Kiswahili nacho kina mifano yake. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe na mtoto wao mchanga huko mwaka huohuo, alikusanya maneno ya Kimvita, yaani lahaja ya Mombasa, kwa miaka mingi akisaidiana na mwenzake Johannes Rebmann. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, miezi michache baada ya kifo chake cha Novemba 1881. Frederick Johnson, aliyeongoza utungaji wa kamusi mbili kubwa za Kiswahili na Kiingereza zilizotolewa na Oxford mwaka 1939, alitajwa katika ukurasa wa jina wa kamusi hizo kuwa ni marehemu. Kazi inayopita urefu wa maisha ya mtu mmoja haiwezi kutegemea bidii ya mtu mmoja, na ndiyo sababu kamusi huhitaji ofisi, bajeti, na vijana wa kurithi mafaili.

Taaluma ya kutunga kamusi huitwa leksikografia. Wanaoifanya hutofautisha kamusi thaniya, yaani ile inayoeleza maneno ya lugha moja kwa lugha nyingine, na kamusi wahidiya, yaani ile inayoeleza maneno ya lugha kwa lugha hiyohiyo. Kamusi thaniya mara nyingi hutungwa kwa ajili ya mgeni anayetaka kujifunza, kutawala au kuhubiri, ilhali kamusi wahidiya humchukulia mwenye lugha kuwa ndiye msomaji. Kiswahili kilianza na za kwanza: baada ya Krapf walikuja A. C. Madan, aliyetoa kamusi zake mwaka 1894 na 1903, na padre Mfaransa Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka mwaka 1939, bado inathaminiwa kwa namna ilivyorekodi lahaja mbalimbali za pwani. Kamusi wahidiya ya kwanza, ndogo kwa umbo, ilikuwa ya huyohuyo Johnson, nayo ilitoka mwaka 1935.

Johnson alikuwa katibu wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Januari 1930 kwa niaba ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukubali kwamba Kiunguja, yaani lahaja ya mjini Zanzibar, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa mtu anayetafuta tamthilia ya watunga kamusi katika Afrika Mashariki, hapa pana kisa kizima ambacho kingeweza kujaza vipindi vingi vya televisheni. Ofisi ya kamati hiyo haikukaa mahali pamoja: ilianzia Dar es Salaam, ikahamia Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere, Uganda, mwaka 1952, kisha Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya kurudi Dar es Salaam na kuingizwa katika Chuo Kikuu mwaka 1964. Katika miaka yake ya mwanzo vikao vyake vilikuwa vya maafisa wa elimu na wamisionari wa Kizungu waliokuwa wakiamua jinsi wenye lugha watakavyoiandika lugha yao, na Waafrika walikuja kupata viti baadaye sana. Miongoni mwao alikuwamo Shaaban Robert, mshairi wa Tanga ambaye jina lake linajulikana kwa kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili.

Chombo kilichozaliwa na kamati hiyo, ambacho wengi walikijua kwa jina la TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na ambacho tangu mwaka 2009 kimekuwa sehemu ya TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndicho kilichotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, baada ya maandalizi yaliyoanzia miaka ya 1960. Hapo ndipo lugha ilipopata kamusi wahidiya iliyotungwa na Waafrika wenyewe, na kuanzia hapo safu imekuwa ikiongezeka: toleo la pili la kamusi hiyo mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013, Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, mwaka 2010, Kamusi ya Karne ya 21 ya James Mdee, Kimani Njogu na Adam Shafi mwaka 2011, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, mwaka 2015.

Msomaji anayefungua kamusi hizo kutafuta neno moja na kuzifunga haoni maamuzi yaliyofanywa kabla ya neno hilo kufika mbele yake. Neno linaloelezwa, lililochapwa kwa wino mzito, huitwa kidahizo, na kidahizo pamoja na maelezo yake yote huitwa kitomeo. Swali la kwanza la mhariri ni mahali pa kukiweka kidahizo. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 maneno yaliyonyumbuliwa, yaani yaliyotokana na shina la neno jingine, yaliwekwa chini ya shina hilo, hivyo kwamba anayetafuta maana ya «msomaji» sharti kwanza ajue kwamba neno hilo limezaliwa na «soma». Mpangilio huo unampendeza mwanaisimu, kwa kuwa unaonyesha ukoo wa maneno, lakini unamsumbua mwanafunzi wa shule ya msingi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilichagua kuyapa majina nafasi zao wenyewe katika mpangilio wa alfabeti, na uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu kamusi ya wananchi lazima impokee mwananchi jinsi alivyo. Swali la pili ni ushahidi: neno linatumiwa na nani, wapi, na kwa maana gani. Hidetoshi Kenbo, mhariri wa Kijapani wa kamusi za shirika la uchapishaji la Sanseido, alikusanya katika maisha yake mifano ya matumizi ipatayo milioni 1.45, kila mmoja ukiwa na chanzo chake, na ofisi inayoonyeshwa katika Fune wo Amu haiwezi kueleweka bila kujua kwamba Japani imekuwa na watu wa namna hiyo kwa kweli.

Neno «bodaboda» linaweza kuonyesha uzito wa swali hilo la pili, na linafaa kwa sababu asili yake haiko mbali na Bungoma na Kitale, miji ya magharibi ya Kenya. Inaelezwa kwa kawaida kwamba neno hili lilianzia mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria kati ya Kenya na Uganda, na kwamba limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Mhariri akitaka kuliingiza ana mengi ya kuamua: je, maana ya kwanza iwe baiskeli, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia, au pikipiki, kwa kuwa ndiyo inayojulikana na vijana wa leo, je, neno linataja chombo peke yake, au pia mtu anayekiendesha, maana mjini Kitale mtu anaweza kupanda bodaboda na pia kumwita bodaboda, na je, liwekwe katika ngeli ya i-/zi- kama chombo, au ya a-/wa- kama mtu, au yawe ni vitomeo viwili? Majibu hayapatikani kwa kukaa Dar es Salaam au Nairobi na kukisia. Hupatikana kwa mtu kusimama stendi, kusikiliza, na kuandika.

Hoja inayopaswa kusemwa waziwazi ni kwamba maneno hayaingii katika kamusi kwa sababu ya ubora wake, bali kwa sababu kuna mtu aliyelipwa ili ayasikilize. Pwani ilipata wasikilizaji kuanzia Krapf. Bara ya Kenya, na hasa magharibi yake, imepata wachache, ingawa ndiko Kiswahili kinakofanya kazi ngumu kila siku ya kuwaunganisha watu wa lugha zisizo na uhusiano wowote wa kiukoo.

Kipsongo ni mfano mzuri kuliko yote. Ni mtaa wa mabanda mjini Kitale, katika Kaunti ya Trans Nzoia, na wakazi wake wengi ni Waturkana ambao wao au wazazi wao waliteremka kutoka kaskazini baada ya ukame na wizi wa mifugo kuwaacha bila kitu. Majirani zao wa Trans Nzoia na Bungoma ni Wabukusu, wasemaji wa Lubukusu, ambayo ni lugha ya Kibantu iliyo jamaa ya Kiswahili. Wako pia Wasabaoti na Wapokoti, ambao lugha zao ni za kundi la Kinilotiki kama Kiturkana, ingawa ni za tawi jingine. Katika mazingira hayo Kiswahili ni lugha ya kuombea kibarua shambani, kuuzia mkaa na vyuma vikuukuu, na kuchezea na watoto wa jirani, na hutamkwa na kupanuliwa kulingana na mahitaji ya wasemaji wake. Mtoto wa Kipsongo hubadilisha lugha mara kadhaa kabla ya jua kuwa la utosi, na umahiri huo, ambao ungehesabiwa kuwa elimu kubwa kwa mwana wa tajiri, kwake haupewi hata jina.

Lugha hizo za nyumbani zimewahi kuandikiwa, lakini kwa vipindi. Katika miaka ya 1940 iliundwa kamati ya lugha ya Kiluhya, ambayo mmisionari L. L. Appleby alikuwa nguzo yake, kwa nia ya kupata maandishi ya aina moja kwa lahaja zote za Waluhya, ambao Wabukusu na Walogooli ni sehemu yao, na msamiati wa Kiluhya na Kiingereza ulichapishwa. Jaribio hilo lilikwama kwa kiasi kikubwa kwa sababu Walogooli na Wabukusu hawakuona usemi wao ndani ya lugha hiyo iliyosanifiwa, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa kamusi inayomtaka msemaji aache matamshi yake ili aweze kuisoma imemgeuza mwenye nyumba kuwa mgeni. Kwa upande wa Kiturkana, padre Anthony Barrett alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiturkana mwaka 1988 na ya Kiturkana na Kiingereza mwaka 1990, baada ya Gerrit Dimmendaal kuchapisha maelezo mapana ya sarufi ya lugha hiyo mwaka 1983. Kazi hizi ni za heshima, ila zote ni za aina ile ya thaniya, na msomaji zinayemlenga anajua Kiingereza.

Ugumu wa kitaalamu uliopo katika lugha hizi unatosha kuishughulisha ofisi nzima kama ile ya Majime. Katika Lubukusu mtu mmoja ni «omundu» na watu ni «babandu», na kitenzi kikitajwa kwa umbo lake la kutokuwa na nafsi huanza na khu-, kama katika «khuloma», yaani kusema. Kamusi ikipangwa kwa herufi ya kwanza ya neno zima, vitenzi vyote vitarundikana chini ya herufi moja, na ikipangwa kwa shina, msomaji wa kawaida atahitaji kufundishwa kwanza namna ya kulivua neno viambishi vyake. Katika Kiturkana majina ya umoja huanza kwa a-, e- au i-, na ya wingi kwa ng'a- au ng'i-, kiasi kwamba «Akuj», yaani Mungu, «ekicholong», yaani kigoda ambacho mchungaji hukikalia na pia kulazia kichwa, na «ng'akipi», yaani maji, yote yanatanguliwa na viambishi ambavyo havisemi lolote kuhusu kiini cha neno. Zaidi ya hayo, lugha hiyo ina vokali za mnong'ono, yaani irabu zinazotamkwa bila sauti mwishoni mwa neno, ambazo sikio la mgeni hudhani hazipo. Mwandishi asiyezisikia hataziandika, na neno lake litakuwa na kasoro tangu siku ya kwanza.

Kuna hasara nyingine inayotokea kimyakimya zaidi. Waturkana wana msamiati mpana sana wa rangi, mabaka, pembe na tabia za mifugo, na ni jambo la kutafakari kwamba mmoja wa waliouchunguza kwa makini ni Mjapani, Itaru Ohta, aliyechapisha mwaka 1987 utafiti juu ya namna wafugaji hao wanavyomtambua na kumwita kila mnyama wao. Mtu aliyezaliwa Kipsongo, ambako hakuna malisho wala ngamia, hana sababu ya kuyatamka maneno hayo, na bibi yake anayeyajua hana wa kumwambia. Neno likikosa kazi kwa kizazi kimoja hubaki kwa wazee tu, na wazee hao wakiondoka hakuna mashine itakayolirudisha.

Wapo wanaoamini kwamba kompyuta imeiondoa haja ya kazi hii. Ni kweli kwamba siku hizi watunga kamusi hutumia kongoo, yaani hazina kubwa ya matini zilizohifadhiwa kwa mfumo wa kompyuta ili matumizi ya neno yaweze kutafutwa kwa haraka, na Kiswahili kina moja maarufu, ile ya Chuo Kikuu cha Helsinki iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen, ambayo toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25. Ni kweli pia kwamba tangu mwaka 1994, Martin Benjamin alipoanzisha kamusi ya Kiswahili ya intaneti katika Chuo Kikuu cha Yale, watu wa kujitolea walio mbalimbali duniani wameweza kuchangia maneno bila kukutana. Hata hivyo hazina kama hizo hulishwa zaidi na magazeti na vitabu, na Kipsongo haina gazeti. Kompyuta haiwezi kuhesabu kisichoandikwa, hivyo lazima atangulie mtu mwenye kalamu, au angalau simu ya kurekodia.

Nyenzo za kuanzia ziko karibu. Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015 na kuongozwa kwa miaka kadhaa na Profesa Isaac Ipara Odeo, ambaye ni mtaalamu wa Kiswahili. Eneo hili ndilo lililomlea Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, aliyekulia Cherangany na kuonyesha kwamba Kiswahili cha hali ya juu kinaweza kutoka mbali kabisa na bahari. Kitale ina makumbusho ambayo Hugh Stoneham aliyaanzisha mwaka 1926 kama mkusanyiko wake binafsi wa wadudu, ndege na vitu vingine, kabla hayajawa makumbusho ya taifa mwaka 1974; katika makumbusho ya namna hiyo kipepeo huchomwa sindano na kubandikwa karatasi ya mahali na tarehe aliyopatikana, na neno la mzee wa Kipsongo linastahili uangalifu usiopungua huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka Serikali ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za wananchi, kwa hiyo bajeti ya kazi hii si fadhila ya kuombwa.

Kinachotakiwa ni meza moja yenye watu wanne au watano wanaolipwa kwa miaka, si kwa wiki za warsha: msemaji wa Kiturkana, msemaji wa Lubukusu, mtaalamu wa Kiswahili, mtu wa kompyuta, na mhariri mwenye subira ya kuwakalisha pamoja. Wazee watakaohojiwa nao walipwe, kwa sababu mama anayekaa mchana mzima akitaja magonjwa ya mbuzi na dawa zake anafanya kazi ya kitaalamu, na kumshukuru kwa soda ni kumdhulumu. Lengo liwe kamusi itakayoeleza maneno ya Kiturkana na ya Lubukusu kwa Kiswahili, ambacho ndiyo lugha ambayo watu wa Kipsongo wanaelewana kwayo na jirani zao, na si kwa Kiingereza peke yake.

Mwalimu, katekista au kijana wa chuo anayesoma makala haya akiwa Kitale, Kiminini, Kimilili au Webuye hana haja ya kusubiri ofisi hiyo ifunguliwe. Atafute daftari, na kila ukurasa aandike neno moja tu, sentensi nzima lilimosikika, kazi na umri wa aliyelisema bila kutaja jina lake, mahali, na tarehe. Kisha daftari likijaa alipeleke Kibabii au kwenye makumbusho ya Kitale na kuomba lihifadhiwe.